Walidhani Ninasali

14 Oktoba
Ninaandika huku nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu hakuna anayefungua upande huu. Mbele kuna vifua na viuno vya wanawake wa nusu ya mtaa wetu wa Kampemba. Nyuma nitakaa mimi.

Joto kali, mvua bado. Umeme umekatwa tangu asubuhi, lakini cherehani yangu ni ya miguu, kwa hiyo sina kisingizio.

15 Oktoba
Leo nimefanya upuuzi. Nilikwenda Naviundu kumpelekea mteja gauni la ubatizo, nisimkute. Jirani yake akaniambia atarudi baada ya saa moja. Nikateremka mpaka mtoni, nikaketi juu ya bomba la saruji lililovunjika, mahali ambapo wanawake wanaofua hawafiki kwa sababu ya matope. Ng'ambo kuna mkuyu. Akaja ndege wa rangi ya kahawia, kichwa chake kimechongoka mbele na nyuma kama nyundo, ana kijiti mdomoni. Akakiweka kwenye panda ya mti, kikaanguka. Akashuka, akakiokota, akapanda, akakiweka tena. Kikaanguka. Mara nne. Mara ya tano kikakaa, na mimi nikajikuta ninapumua kama mtu aliyetua ndoo.

Nilipopanda kwenda kwa mteja, alikuwa amesharudi na kutoka tena. Nikarudi nyumbani na gauni likiwa bado kwenye mfuko. Laurent, mume wangu, akauliza kilichonichelewesha. Nikasema mteja aliniweka sana. Nina miaka hamsini na mmoja, na nimemdanganya mume wangu kwa sababu ya ndege.

16 Oktoba
Nimepeleka gauni. Nimeketi tena. Sasa wako wawili.

20 Oktoba
Jumapili. Nieleze, ili siku nikijisoma nijionee huruma kidogo. Laurent anatengeneza friji hapa uani. Babu yake alishuka kutoka kaskazini kuja kutandika reli, baba yake alizeekea mgodini, na katika ukoo huo mtu mzima huketi mikono mitupu mahali pamoja tu, kilioni. Nilipoolewa, mama mkwe alinikuta siku moja nimeketi kizingitini sifanyi kitu. Aliniuliza, "Nani alikufa?" Hakuwa anatania. Nilisimama, na nadhani sijaketi tena tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na minane.

23 Oktoba
Mtoni. Vijiti.

24 Oktoba
Mtoni.

2 Novemba
Mvua ya kwanza. Vumbi lilinuka vizuri mpaka nikaacha kushona. Jioni inswa wakatoka ardhini, mtaa mzima na mabeseni, na mimi pia, kwa kuwa kumbikumbi wanaliwa na hiyo ni kazi, hakuna anayeuliza.

7 Novemba
Nimenaswa.

Kila siku saa kumi ninafunga cherehani, ninasema ninapeleka nguo, ninashuka mtoni. Leo nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Ni Hortense, kiongozi wa akina mama wa jumuiya yetu ya parokia, mwanamke ambaye hata akikununulia nyanya unajiona umehukumiwa. Alikuwa amenifuata.

"Mama Précieux," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "kila siku unaendaka ku muto. Unafanyaka nini kule?"

Mwanamke aliyeketi peke yake kando ya maji, macho yamekazwa mbele, kwetu ana maelezo matatu tu. Ni mwendawazimu, au anamngoja mamba muntu, yule mwanamke wa majini anayewapa watu utajiri kwa bei mbaya, au anasali. Watu wengi wema hupanda vilimani au hushuka mitoni kusali. Kuangalia ndege hakumo katika hesabu.

"Naombaka," nikasema.

Uso wake ukabadilika. Akashusha sauti. "Pardon, mama. Sikujua." Akarudi nyuma akinyata kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Nikabaki na ndege wangu, lakini sikuwaona tena. Masikio yalikuwa yanawaka.

10 Novemba
Baada ya misa wanawake watatu wamenishika mkono kwa mikono miwili. Hortense ameshasema.

12 Novemba
Laurent ameosha sahani yake mwenyewe. Nilipokuwa narudi kutoka mtoni, mteja wangu alikuwa anaulizia nguo yake, nikamsikia Laurent akimjibu, "Bibi yangu iko ku maombi. Mungoje." Aliyatamka taratibu, kwa fahari. Miaka ishirini na minane nimeshona mpaka vidole vimepinda, hajawahi kunitaja kwa sauti hiyo. Sasa ananiheshimu kwa kitu nisichokifanya.

19 Novemba
Wameanza kuniletea karatasi. Mtu anaandika nia yake, anaikunja, ananiwekea mkononi: mtoto afaulu mtihani, mume arudi kutoka Kolwezi, mguu upone. Nimeziweka kwenye kopo la vifungo. Nilitaka kukataa, lakini kukataa ni kueleza.

Leo nimejaribu kweli. Nilibeba karatasi nne, nikafumba macho, nikaanza Baba Yetu. Nikafika kwenye mkate wetu wa kila siku, nikasikia mabawa, nikafumbua. Ndege jike, au yule ninayemdhani jike, alikuwa ameleta kipande cha kitenge cha njano na anakisukuma katikati ya vijiti. Nikasahau mkate. Niliporudi nyumbani karatasi zilikuwa zimelowa jasho na sikuwa nimemwombea mtu yeyote.

26 Novemba
Edith amekuja. Ni binti wa Kikasai, miaka ishirini na saba, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu na mumewe Stéphane, anayeuza viatu sokoni. Ana mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza zilitoka, zote hospitalini.

Hakuleta karatasi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika tumbo, akasema bila kunitazama, "Mama, miye nilishapoteza mbili. Hii ya tatu nakuachia weye. Utanibebea ku maombi."

Mdomo wangu ukasema, "Nitakubebea."

Sijui mdomo huo ni wa nani.

27 Novemba
Sikwenda mtoni. Nilishona siku nzima, nikachoma kitambaa cha mteja kwa pasi.

28 Novemba
Nimekwenda.

9 Desemba
Mvua siku ya nne. Mto Naviundu umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanabeba chupa za plastiki na majani ya mihogo. Ndege hawajali. Kiota kimekuwa kikubwa kama beseni la kuogea, na sasa wanakiezeka. Wanaleta matope kwa midomo na kupiga lipu mlango, ambao umewekwa chini ili nyoka asijue pa kuingilia.

Ninajaribu kuandika saa ile inanipa nini, na sipati neno la kumwambia Laurent. Haileti chochote cha kushika. Sitoki pale mtakatifu, wala sitoki na akili mpya. Ila kwa siku za kwanza niliona ndege, tu. Wiki ya pili nikajua yupi huweka na yupi hurekebisha. Sasa ninajua yule dume huwa anainua kishungi kidogo kabla mvua haijaanza, na mara mbili nimewahi kufika nyumbani nikiwa mkavu. Kitu kinachokaa mbele yako kila siku kinaanza kujionyesha, kama hutaki kitu kutoka kwake. Kwa hilo ningepaswa kuona furaha. Badala yake ninaona aibu, kwa sababu nimelinunua kwa uongo.

14 Desemba
Nimempima Edith gauni la Noeli. Tumbo zuri, la juu. Anacheka sasa. Anasema akisikia hofu anaangalia saa, ikiwa ni saa kumi anatulia kabisa.

18, 19, 20 Desemba
Sare za kwaya. Hakuna mto, hakuna mimi.

25 Desemba
Noeli. Padri amewashukuru "wale wanaotuombea kwa siri." Hortense akageuka akanitazama. Nikatazama kiatu changu.

3 Januari
Wanawake wanauza uyoga kando ya barabara. Mtoni, mmoja wa wale ndege ameketi ndani ya kiota na hatoki.

11 Januari
Edith alikuja kupunguza kola ya gauni. Ni kola tu iliyomleta. Nilimkalisha, nikachukua mkasi, halafu mikono yangu ikasimama.

Mwaka jana ningetazama kola. Leo nilimtazama yeye, vile ninavyotazama kule, bila kutafuta kitu. Alivua ndala, na mkanda ulikuwa umeacha mfereji mguuni usiojaa. Pete ilikuwa imezama kidoleni. Kope zimevimba, si za kulia. Alikuwa anaupa mlango mgongo kwa sababu mwanga ulimsumbua, na kila alipogeuza kichwa alikigeuza taratibu kama amebeba maji.

Nikamuuliza mara ya mwisho kituo cha afya walimpima lini. Akasema Novemba.

"Juu ya nini niende tena?" akasema. "Weye uko naniombea."

Nikapunguza kola. Nikamwambia apumzike, anywe maji. Ndiyo niliyoyasema. Alipotoka nilikwenda chooni nikasimama humo bila haja, kwa muda mrefu.

12 Januari
Misa. Edith hakuja. Sikusema kitu kwa mtu.

13 Januari
Niandike yote, na polepole, kwa sababu nikiandika haraka nitajipendelea.

Asubuhi mvua ilikuwa nzito. Nilikwenda kwa Edith kabla ya kufungua cherehani. Stéphane alikuwa ameshakwenda sokoni. Edith alilala upande, kitambaa cha maji usoni. Akaniambia kichwa kinapasuka na anaona vitu vinavyong'aa pembeni ya macho, kama vimulimuli. Nikamwambia twende hospitali. Akasema hapana. Nikamwambia nitalipa taksi, nitakaa naye, nitamwita Stéphane. Hapana. Akasema mimba zote mbili aliziacha katika vitanda vile, na wale watu wa kanzu nyeupe hawakumtazama hata usoni. Safari hii hatawapa wao. Akanishika mkono, wa kwake ukiwa wa moto na umejaa, akasema, "Weye omba tu. Omba hapa hapa, mama. Itapita."

Akafumba macho akangoja.

Niseme ukweli kwamba nilifikiri kuomba. Si kwa imani. Nilifikiri nikiomba kwa sauti, vizuri, kisha nikisema Mungu ameniambia aende hospitali, atakwenda, na hakuna atakayejua kitu. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini niliona kope zile zilizovimba zimefumbwa kwa utulivu, nikaona kwamba utulivu wote ule ni mimi niliyeutengeneza, mshono kwa mshono, tangu Novemba, na ndio unaomlaza pale kitandani.

"Edith," nikasema, "kule ku muto sikuomba. Hata siku moja. Nilikuwa naangaria ndege."

Hakufumbua. Nilidhani hakusikia. Halafu akauliza, "Ndege?"

"Ndege ya kichwa kama nyundo. Beko wawili. Banajenga nyumba."

"Donc kila siku, saa kumi, mi nikitulia, weye ulikuwa..."

"Naangaria ndege. Hortense aliniuliza, nikaona haya, nikasema naombaka. Niliona haya ya kukaa bure. Na tangu samedi naona uso yako inavimba, na nikanyamaza juu ya haya ile ile."

Akafumbua macho. Sitaki kuandika jinsi alivyonitazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mutoto yangu alikuwa mu mikono ya nani?"

Akaketi. Akasimama, akashika ukuta, akatafuta ndala. Hakusimama kwa sababu nilimshawishi. Alisimama ili atoke chumba nilichomo. Akatoka hivyo hivyo na mvua, nami nikamfuata hatua mbili nyuma mpaka barabarani, na taksi niliyoisimamisha aliingia kwa sababu miguu haikuweza tena. Njiani alitazama dirishani. Mimi nilitazama mkono wake juu ya kiti. Hakunipa.

Hospitalini muuguzi alimfunga kile kifaa cha presha, akakisoma, akakifunga tena upya, kisha akamwita mtu kwa jina bila kupaza sauti. Hapo nilijua presha imepanda vibaya. Walimpasua kabla ya saa sita. Ni msichana, kilo moja na gramu mia sita. Daktari, kijana mwenye macho mekundu, aliniuliza kama mimi ndiye mama mzazi. Nikasema hapana. Akasema aliyemleta leo amefanya vizuri, kesho angekuwa anazungumza nasi mambo mengine.

Leo. Mimi nilijua tangu Jumamosi.

14 Januari
Mtaa mzima unasema ni muujiza wa mama Précieux. Hortense amenikumbatia mpaka mbavu zikauma. Stéphane alilia mlangoni kwangu, akasema mtoto ataitwa Julienne, jina langu la ubatizo. Edith bado amelazwa, na ni wazi hajamwambia mtu.

Yaani ningeweza kunyamaza.

22 Januari
Karatasi mpya kumi na moja.

30 Januari
Sijaenda mtoni tangu siku ile. Laurent ananihimiza. Anasema nisichoke sasa.

8 Februari
Edith ametoka hospitalini. Mtoto bado anabaki. Anapita mlangoni kwangu asubuhi na jioni kwenda kunyonyesha, haangalii ndani. Watu wanasema ni uchovu.

16 Februari
Misa ya shukrani. Stéphane alileta kuku mweupe na mkungu wa ndizi mbele ya altare. Kisha Hortense akachukua kipaza sauti, akasema kuna mwanamke aliyebeba mtoto huyu miezi yote kwa magoti yake, asimame tumwone.

Walipiga makofi. Laurent alikuwa amevaa koti la harusi yetu. Edith aliketi mbele, hakugeuka, hakupiga makofi. Niliona shingo yake tu, na niliona inangoja.

Nikasimama. Nikasema sikuomba. Nikasema nilikuwa nashuka mtoni kuketi na kutazama ndege wakijenga, na kwamba Edith aliokolewa na hospitali, na karibu afe kwa sababu aliniamini. Nilisema vibaya, nikirudia maneno, pua inatiririka. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Hortense hakujua afanye nini na kipaza sauti, akakishusha kama mwavuli. Padri akaanzisha wimbo.

Nyumbani Laurent alivua koti, akalitundika, akakaa muda akilitazama.

"Heri ungekuwa na bwana mwengine," akasema. "Ile ningejua namna ya kukasirika."

17 Februari
Wanakuja kuchukua karatasi zao. Mmoja mmoja, mlangoni, mkono umenyooshwa. Ninalibeba kopo, ninatafuta kati ya vifungo. Wengine wanazifungua hapo hapo kuhakikisha ni yao. Mama mmoja aliniuliza kwa upole ndege hao ni wazuri angalau. Nikasema hapana, si wazuri, ni wa kahawia tu. Hiyo ilimuudhi kuliko yote.

18 Februari
Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao.

23 Februari
Laurent anakula, anaosha sahani yake. Bado anaiosha. Sijui maana yake.

25 Februari
Nimeshuka mtoni, mchana wazi, bila nguo mkononi. Laurent aliinua macho kutoka kwenye friji, akayarudisha. Kiotani kuna makinda, nimesikia. Niliketi saa nzima na aibu yangu kando yangu kwenye bomba. Haikuondoka. Lakini haikunizuia kusikia.

2 Machi
Mtoto aliruhusiwa Alhamisi. Wamempa jina la Léa. Hilo nililisikia kwa jirani.

Leo baada ya misa niliyoikosa, Edith alisimama mlangoni, mtoto kifuani amefungwa ndani ya taulo. Hakunisalimu. Aliketi kwenye kiti cha wateja, palepale. Amekonda, pete inazunguka kidoleni. Niliona yote hayo na nikaona haya kwa kuyaona.

"Niambie kitu moja," akasema. "Siku zile zote, hata siku moja ulinikumbuka kule ku muto? Hata bila kuomba?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa ndiyo ndogo, na ingemsaidia, na hakuna duniani ambaye angejua. Nilitafuta vizuri ndani, siku kwa siku, nione kama kuna hata moja.

"Apana," nikasema. "Hata moja."

Mvua ilikuwa imekatika na bati lilikuwa linadondosha. Kisha akafungua taulo polepole.

"Basi mushikilie," akasema. "Mikono yangu imechoka."

Akaniwekea Léa mikononi, akaegemeza kichwa ukutani, na usingizi ukamchukua kwenye kiti cha wateja. Nikabaki nimeketi. Mtoto ana kope ambazo bado hazionekani isipokuwa kwa mwanga wa pembeni. Anapumua mara tatu haraka, anasahau, anakumbuka. Kabla ya kulia anakunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na ukimgeuza wakati huo, halii. Mwanga ulihama kutoka kwenye cherehani hadi sakafuni. Laurent alipita mara mbili na bisibisi yake, Hortense alipita barabarani akatazama ndani, na wote wawili waliniona nimeketi mikono haishoni, sisali, sifanyi kitu chochote, na hakuna aliyeniuliza.